Siku Baraza Lilipoandika Kuwa Sikufika

Mke wangu alifariki akijifungua, na mtoto hakupona. Ilikuwa wakati wa Waingereza. Haydom ilikuwa bado haina hospitali, na sisi tuliishi kwenye miteremko ya juu ya Dongobesh, mbali na kila dawa isipokuwa zile walizozijua bibi zetu. Nilibaki na binti wawili wadogo na mama yangu mzazi. Shamba la bondeni, ambalo mke wangu alilipanda mahindi akiwa mjamzito, lilikuwa limefika magotini siku tuliyomzika.

Nieleze kwanza mwiko wetu, maana bila huo kesi yangu haieleweki. Kwetu Wairaqw, nyumba iliyofiwa kwa namna ile huingia katika kutengwa tunakokuita metimani. Si adhabu, wala si chuki. Watu huamini kifo kimeingia nyumba hiyo na kinaweza kufuata nyayo za wenyeji wake. Kwa hiyo hatukuingia nyumba ya mtu, hatukushikana mikono na mtu, hatukuteka maji wanapoteka wengine, na ng'ombe wetu walichungwa peke yao. Aliyetuletea chakula alikiweka njiani, akaita, akaondoka, ndipo tukakifuata. Hali hiyo hudumu miezi, mpaka wazee waseme yatosha.

Kabla ya msiba, jirani yetu mmoja mzee alikuwa amekuja kwangu kwa adabu kuniambia kwamba lile shamba la bondeni ni la kwao. Alisema baba yake alimwazima baba yangu, na sasa vijana wake wameoa na hawana pa kulima. Nilimjibu kwamba nimezaliwa nikiona baba yangu akililima, na sina la kuongeza. Hakunikasirikia. Alisema, "Basi tuulize baraza." Akaenda Dongobesh, akafungua kesi. Wiki chache baadaye mke wangu akafa.

Kwa hiyo samansi ilinikuta ndani ya metimani. Tarishi wa baraza, ambaye alikuwa mtu wa kwetu, hakukaribia ua. Alisimama njiani akaiweka karatasi juu ya jiwe, akaweka jiwe jingine dogo juu yake.

"Nimeiweka!" aliita. "Baraza ni siku ya mnada! Si mnada huu, ule unaofuata!"

"Nimesikia!"

"Niandike kwamba umepokea?"

"Andika!"

"Haya, pole sana, ndugu yangu. Wasalimie watoto."

Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la tatu shule ya misheni, na niliisoma ile karatasi mwenyewe. Ilisema nifike mbele ya baraza siku fulani, nikijibu madai ya shamba. Nilijua maana ya kuliacha shamba lile. Mashamba yetu ya juu yalikuwa changarawe. Bondeni tu ndiko mahindi yalikotoa chakula cha mwaka, na kama lingekwenda, ingenibidi nihame na mama na watoto nikatafute ardhi Masakta au nyikani Hanang, ambako sikuwa na mtu.

Siku ilipofika nilikwenda. Hili nalisema wazi, kwa sababu daftari lilisema jingine.

Nyumba ya baraza ilikuwa na paa la bati na kuta zilizoishia kiunoni, hivyo aliyekaa nje aliona na kusikia yote. Ndani kulikuwa na jumbe aliyehukumu, wazee wawili wa baraza waliokaa pembeni yake kumwambia mila inasemaje, na meza ya karani. Watu walijaa. Mimi nisingeweza kuingia katikati yao. Nilipita chini, nikavuka kijito, nikasimama kwenye kichuguu upande wa pili, mahali ambapo upepo haukutoka kwangu kwenda kwao. Nilidhani hivyo ndivyo mtu mwenye msiba anavyohudhuria baraza. Sikuwa nimewahi kuliona likifanyika, lakini sikuona njia nyingine.

Jirani yangu alipomaliza kusema, mimi nikaanza kupaza sauti kutoka kule.

"Shamba ni la baba yangu! Nimezaliwa nikimwona akilima!"

Watu waligeuka. Mtu mmoja akaniita, "Paza, paza! Maneno yako nusu yanaliwa na upepo!" Bibi mmoja aliyekuwa anauza ugoro nje akasema, "Leo hata kichuguu kina kesi," na watu wakacheka, lakini si kwa ubaya. Mzee mmoja wa baraza akasimama akaniuliza, kwa sauti kubwa vilevile, kama baba yangu alilinunua au alipewa. Nikajibu, "Nilimkuta nalo!" Akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia, akakaa. Nikasema yote niliyokuwa nayo, nikarudi nyumbani nikiwa nimechoka koo, lakini moyo umetulia. Nilijua nimesikilizwa.

Siku tatu baadaye tarishi akaweka karatasi nyingine juu ya jiwe. Ilisema: mdaiwa aliitwa, akapokea samansi, hakufika, wala hakutoa sababu. Shamba lirudi kwa mdai.

Nilikaa na karatasi ile mkononi mpaka mama akaniuliza kama nimekufa na mimi. Nilimsomea. Alisema, "Lakini kila mtu alikusikia mpaka huku."

Karani wa baraza alikuwa mgeni kwetu. Alizaliwa katika nyumba ya wafanyabiashara Waislamu pale Dongobesh, watu waliotoka pande nyingi za bara, lakini aliondoka akiwa mdogo, na alikuwa amerudi karibuni tu kutoka kazini kwingine. Alasiri moja tulimwona anapanda mteremko na kanzu yake ameikunja kwa mkono. Alipofika njiani hakusimama pale watu wanapoweka chakula. Aliendelea kuja.

"Mwanangu, simama hapo!" mama alimwita. "Nyumba hii ina msiba."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simama."

"Mama, kwetu sisi nyumba yenye msiba ndiyo inayoendewa," alisema, akaingia uani, akanipa mkono.

Nilikuwa na wiki nyingi sijashikwa mkono na mtu mzima asiye wa nyumba yangu. Nilisita, kisha nikaupokea. Alikaa chini kwenye ngozi, akasema pole kwa mke, akasema pole kwa mtoto. Binti yangu mkubwa akamletea maji, akayanywa. Mama aligeuza uso.

Nilimuuliza, "Kwa nini uliandika sikufika?"

"Kwa sababu hukufika."

"Ulinisikia."

"Nilisikia mtu anapiga kelele ng'ambo ya kijito. Kazi yangu ni kumwandika aliyesimama mbele ya meza, akataja jina, akaapa. Wewe uliapa kwa nani? Kwa vyura?"

Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na nafikiri ndiyo sababu sikumchukia karani yule.

Alisema kwamba siku ile hakujua habari ya metimani. Aliona watu wakicheka, akadhani ni mlevi wa mnada. Jumbe na wazee walidhani ameandika, na yeye alidhani wanajua kwamba asiyesimama mezani haandikwi. Hukumu ilipotoka, jumbe alitia sahihi pale alipoonyeshwa, bila kuisoma. Ni baadaye tu tarishi alipomweleza ndipo alipojua alichofanya.

"Sasa nisikilize," alisema. "Juu ya baraza letu yuko Bwana Shauri, Mwingereza anayetawala wilaya, boma la Mbulu. Juu yake yuko mkubwa wa jimbo, na juu ya huyo wako wengine ambao mimi sijawahi kuwaona hata kwa picha. Ukipanda, unapanda ngazi moja moja. Na ukifika juu, hawaanzi kesi kama haijawahi kusemwa. Wanafungua daftari. Lililoandikwa ndilo lililosemwa. Lisiloandikwa, kwao halikusemwa."

"Na daftari linasema sikufika."

"Kwa mwandiko wangu. Ndiyo maana nimekuja na kalamu ile ile. Una siku thelathini za kukata rufaa, na nyingine zimekwisha liwa."

Alitoa karatasi. Kabla hajaandika aliniangalia. "Njia nyepesi ni kusema hukupata samansi. Iliwekwa juu ya jiwe. Nani ataapa kwamba upepo haukuibeba?"

"Haukuibeba. Ninayo ndani."

"Najua unayo. Nakwambia njia nyepesi."

"Niliipokea, na nilimwambia tarishi aandike."

Alipumua kwa nguvu. "Haya. Tutapita ile nzito." Akaandika kwamba nilipokea samansi, nikafika, nikasimama mbali kwa sababu ya mwiko wa kifo, nikasema maneno yangu, na maneno yangu hayakuandikwa. Alinisomea mara mbili. Mimi nikatia jina langu chini, kwa herufi kubwa kama tulivyofundishwa misheni.

Sikwenda Mbulu. Bwana Shauri mwenyewe alikuwa na desturi ya kuzunguka wilaya, na alipofika Dongobesh alisikiliza rufaa akiwa ameketi kwenye kibaraza cha nyumba ya baraza. Nilifika asubuhi nikasimama palepale kwenye kichuguu. Safari hii karani alikwenda akamwonyesha mahali nilipo, na mzee wa baraza akamweleza sababu. Bwana Shauri alijua Kiswahili cha kutosha. Aliinuka, akashuka mpaka ukingo wa kijito, na meza ikabebwa nyuma yake.

Alisoma daftari kwa sauti. Kisha akamgeukia jirani yangu, aliyekuwa amesimama na fimbo yake.

"Mzee, wewe ndiye uliyeshinda. Siku ile, huyu alikuwepo au hakuwepo?"

Niliangalia chini. Shamba lote lilikuwa kwenye mdomo wa yule mzee. Daftari lilikuwa upande wake. Angesema "sijui, nilikuwa natazama mbele," na nisingeweza kumlaumu.

"Alikuwepo," alisema. "Alisimama pale pale. Sauti ilikuwa yake, namjua tangu akiwa kijana. Alisema shamba ni la baba yake. Mimi sikubaliani naye, lakini alisema."

Bwana Shauri akamuuliza karani kwa nini aliandika vile. Karani akajibu kwamba alifuata kanuni ya meza, na hakuijua mila ya mahali. Hakujitetea zaidi ya hapo. Bwana Shauri akaandika muda mrefu. Mimi nilikuwa nangoja aseme shamba ni langu. Hakusema.

"Hukumu ile naifuta," alisema. "Kesi irudi baraza hili hili isikilizwe tena, meza iwekwe nje, kila mtu asemee mahali anapoweza kusimama."

Nilishindwa kujizuia. "Na shamba, Bwana?"

"Mimi sijui shamba ni la nani. Ninajua tu kwamba mtu mmoja hakusikilizwa."

Nilirudi nyumbani nikiona nimedanganywa kidogo. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hiyo ndiyo kazi yake, na kwamba kama angenipa shamba siku ile bila kuwasikia mashahidi, angekuwa amemfanyia yule mzee kosa lile lile nililofanyiwa mimi.

Karani alinipitia tena njiani kwangu, akanipa moyo. Alisema anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Baba wa yule mzee amekufa, baba yangu amekufa, waliokuwa wazee wakati ule wamekufa. "Mara ya kwanza alishinda kwa sababu alikuwa peke yake mezani. Sasa mko wawili, na hana shahidi hata mmoja. Wewe shikilia uliyosema."

Jioni ile mama alikuwa anachambua maharage. Nilimuuliza swali ambalo yule mzee wa baraza aliniuliza mimi: baba alilipataje shamba lile?

Aliendelea kuchambua. "Hukuniuliza mwanzoni," alisema.

"Nakuuliza sasa."

"Mwaka wa nzige tulikuwa hatuna kitu. Baba yako alikwenda kwa baba yake yule mzee akaomba pa kulima. Akaonyeshwa pale. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Kila mavuno alikuwa anapeleka kikapu cha kwanza kule, kabla sisi hatujala. Ulikuwa unaongozana naye ukikua, hukumbuki?"

Nilikumbuka. Nilikumbuka kikapu, na baba akinikataza kuchukua hindi moja njiani. Nilikuwa nimedhani ni ujirani tu. Kwetu watu hupelekeana vitu. Lakini kikapu cha kwanza, kila mwaka, kwa mtu yule yule, hicho si zawadi. Ndivyo aliyeazimwa ardhi anavyosema bila maneno kwamba hajasahau ni ya nani. Baba zetu wale wawili walipokufa, kikapu kikakoma, na hakuna aliyetuambia sisi watoto.

"Mbona hukusema?" nilimuuliza.

"Mke wako alikuwa ameshaanza kulima," mama alisema. "Alilipenda shamba lile."

Hilo lilikuwa kweli. Alikuwa akienda huko hata siku ambazo palikuwa hapana kazi, akipalilia palipokwisha paliliwa. Tulikuwa tumebishana msimu ule. Mimi nilitaka mtama, yeye akataka mahindi. Alishinda kwa kuamka kabla yangu na kupanda.

Nitasema ukweli kuhusu siku zilizofuata. Nilitafuta njia. Nilijiambia kwamba hakuna atakayeniuliza habari ya kikapu, kwa sababu hakuna anayeijua. Yule mzee mwenyewe alikuwa hajui. Ujana wake wote alikuwa amechunga ng'ombe wa kwao nyikani Hanang, na alichokuwa nacho ni neno la baba yake tu. Nilijiambia pia kwamba kunyamaza si kusema uongo. Niliwatazama binti zangu nikajiambia hivyo mara nyingi.

Baraza lilikaa ukingoni mwa kijito, meza kwenye nyasi, yule mzee upande wao, mimi upande wangu. Karani alinitaka nitaje jina, akaniapisha kutoka ng'ambo, nami nikaapa kwa sauti mpaka ndege wakaruka. Yule mzee alisema yake, mafupi, yale yale. Hakuongeza kitu ili kuyanenepesha. Nilisema yangu, kwamba nilimkuta baba na shamba.

Mzee mmoja wa baraza, yule wa siku ya kwanza, akasimama.

"Mwanangu, baba yako akivuna shamba lile, alikuwa anafanya nini?"

Nadhani aliuliza tu kwa sababu aliijua mila, si kwa sababu aliujua ukweli. Ningeweza kujibu kwamba alikuwa anakula kama watu wote. Jibu hilo lingekuwa kweli, na lingetosha. Lakini jirani yangu alikuwa amesimama mita chache tu kutoka mahali aliposema "alikuwepo," wakati kusema vile hakukumfaa kitu.

"Alikuwa anapeleka kikapu cha kwanza kwa baba yake huyu mzee," nilisema. "Kila mwaka. Nilikwenda naye."

Karani aliinua kichwa akanitazama, kalamu haijagusa karatasi. Mzee wa baraza akauliza tena taratibu, "Kikapu cha kwanza?"

"Cha kwanza. Kabla hatujala."

"Andika," jumbe alimwambia karani, na safari hii aliandika.

Walijadiliana kidogo tu. Shamba likahukumiwa la mdai. Mazao yaliyosimama yakawa ya mikono iliyopanda, nivune, kisha niliachie. Karani alinisomea kwamba nina siku thelathini za kukata rufaa nikitaka. Nikamwambia sitaki. "Ukaidi wako huu," alisema, na hakumaliza.

Yule mzee alikuja mpaka ukingoni, akasimama kana kwamba yeye ndiye aliyeshindwa. "Kama ningejua habari ya kikapu," alisema, "ningekuja kwako na kikapu, si na samansi."

"Na mimi kama ningejua, nisingekukatalia, mzee."

Tulivuna wenyewe, mimi, mama na watoto, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kutusaidia. Mahindi yalikuwa mengi. Mke wangu alikuwa amepanda kwa mistari iliyonyooka kuliko yangu, na nilipokuwa nakata nilifuata mstari wake mmoja mpaka mwisho kabla ya kuanza mwingine. Wazee walipotutoa katika metimani, nilikuwa nimekwisha kupata ardhi Masakta.

Wiki ya mwisho kabla ya kuhama, jirani yangu alikuja na ng'ombe wake, akasimama nje ya ua wa miiba wa shamba la bondeni. Hukumu ilikuwa yake, lakini hakuingia. Aliuliza kama mabua yana mwenyewe.

Niliivuta miiba kwa mikono yangu, nikawapisha njia. Ng'ombe wakaingia.